Tikiti Katikati ya Barabara

Nipisheni nipite.

*Pita, Bi Fundi!*

Nina hadithi kichwani.

*Tuteremshie!*

Nikiiteremsha kwa pupa itamwagika.

*Teremsha polepole, mikono tumeshakinga!*

Haya, kaeni. Wewe Sauda, weka chini hiyo spana, si mwiko wa kupikia. Leo sina gari la kutengeneza, na ninyi hamna haraka ya kwenda nyumbani kuosha vyombo, kwa hiyo nitawasimulia. Hadithi yangu ina magurudumu sita na haina kituo cha mafuta. Atakayeniuliza gari lilikuwa linakunywa nini, namtoa nje ya gereji.

Hapo kale, kale ya wanyama, palikuwa na mbuga ikiitwa Ngarambo. Watu wa barabara walikuja, wakachonga barabara ya vumbi iliyonyooka, wakanywa chai, wakaondoka. Nyuma yao waliacha lori moja limezama kwenye tope la bwawa. Na nani anakaa kwenye tope? Kiboko. Basi Kiboko akaliwekea tumbo, akasukuma, hiyaa, hiyaa, hiyaaa, lori likatoka.

"Kilichotoka kwenye tope langu ni changu," akasema.

Hakuna aliyebisha. Mimi mwenyewe ni mbishi, mnanijua, lakini pale ningenyamaza.

Sasa tatizo la Kiboko ni hili. Tangu azaliwe hajawahi kukata kona. Njia yake ya kutoka bwawani kwenda malishoni ni moja tu, imenyooka, aliipita babu yake, aliipita baba yake. Kichaka kikiota katikati, kichaka ndicho kinacholala chini. Na alivyotembea ndivyo alivyoendesha. Akakoroga tope jeupe, akaandika ubavuni mwa lori kwa herufi kubwa: NIPISHE. Ngrrr-dudu, ngrrr-dudu, lori likija, wenye miguu wanaruka vichakani.

Karibu na barabara hiyo aliishi Bibi Digidigi. Majirani walimwita Mama Mwanana, kwa jina la mwanawe. Digidigi mnamjua? Ni swala mdogo, ukimsimamisha hapa hafiki kwenye goti langu. Macho makubwa, miguu kama vijiti vya kuchokolea meno. Nguvu hana. Meno ya kung'ata hana. Anachokijua ni kukwepa. Digidigi akikimbizwa hakimbii moja kwa moja. Anakwenda chwi kushoto, chwi kulia, halafu ananyooka. Anayemfukuza anabaki na mdomo uliojaa majani.

Kila asubuhi Mama Mwanana alimfundisha mwanawe.

"Kushoto, kulia, nyooka," anasema mama.

"Kushoto, kulia, nyooka," anasema Mwanana.

"Na kichwani?"

"Sibebi kitu kichwani, mama."

Maana mama mwenyewe siku moja akiwa msichana alikuwa akikimbia na mzigo wa majani kichwani. Fisi akatokea. Akakata kushoto, miguu ikaenda kushoto, majani yakaendelea na safari yao, na shingo ikayafuata majani. Alianguka chali. Fisi alicheka mpaka akasahau kumla. Tangu siku hiyo Mama Mwanana alijua jambo moja ambalo wahandisi wengi bado wanalipa ada kulisoma: mzigo wa juu haukati kona pamoja nawe.

Mumewe alikuwa na mguu mmoja mbovu. Aliuvunja siku moja alipokuwa akivuka barabara na NIPISHE ikamkuta. Kiboko hakusimama. Alipoulizwa alisema, "Alikuwa njiani."

Basi mwaka ule mvua haikunyesha. Bwawa likawa sahani ya tope. Visima vikakauka. Maji yakabaki mahali pamoja tu, Chemchemi ya Mbarika, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Wakubwa wangeweza kujikokota. Watoto wasingefika. Midomo yao ilikuwa imepasuka, na Mwanana alikuwa ameacha kucheza. Mtoto akiacha kucheza, mama hana usingizi tena.

Kiboko akaitisha mkutano.

"Nitawapeleka watoto wote Mbarika," akasema. "Siku ya Ijumaa. Nauli ni tikiti moja kwa kila mtoto, na linaletwa kabla."

Matikiti ya porini ndiyo maji ya mwisho waliyokuwa wameyaficha wanyama. Lakini tikiti ni la siku moja, na chemchemi ni ya kila siku. Wakaleta. Huyu tikiti, yule tikiti. Kiboko akiyatazama, mate yanamtoka.

Na kwa kuwa aliyataka yote kwa mkupuo mmoja, hakutaka kwenda safari mbili. Akajenga ghorofa juu ya lori. Watoto wakabaki. Akajenga ghorofa ya pili juu ya ile. Watoto wakabaki. Akajenga ya tatu, nyembamba, inayumba upepo ukivuma, na juu yake akaweka tenga la kubebea matikiti. Kiti cha Mwanana kilikuwa ghorofa ya tatu, kwa sababu ni mwepesi.

Mama Mwanana akalizunguka gari lile. Akaliangalia chini, akaliangalia juu mpaka shingo ikamuuma. Akaenda kwa mwenyewe.

"Bwana Kiboko, hodi."

"Karibu, Mama Mwanana. Tikiti lako nimelipokea, limeiva."

"Nashukuru. Nina swali. Mtu akitokea ghafla barabarani, utafanyaje?"

"Atapisha."

"Na asipowahi kupisha?"

"Nimeandika kwa herufi kubwa, mama. Asiyejua kusoma shauri lake."

"Na ukilazimika kukwepa? Gari hili ni refu. Miguu itakwenda huku, kichwa kitakwenda kule."

Kiboko akacheka, mbwe mbwe mbwe, matope yakaruka. "Gari halikwepi. Kukwepa ni kazi yenu ninyi wadogo."

Mama Mwanana akaenda kwa Kobe. Mzee Kobe ndiye alikuwa mkaguzi wa magari wa Ngarambo. Alipata kazi hiyo kwa sababu ana muhuri: akikanyaga tope na kugeuka, gamba lake linaacha alama, na alama hiyo ikibandikwa kwenye gari, gari limepita. Kobe alikuwa mwaminifu. Hakula rushwa hata siku moja. Alifuata sheria tu, na sheria ilikuwa na vitu vitatu. Mama Mwanana alimkuta akilikagua lori la Kiboko.

"Honi?" Kobe anauliza.

Pooo.

"Taa?"

Pwa, pwa.

"Breki?"

Kwiii.

"Limepita."

"Mzee Kobe, shikamoo," akasema Mama Mwanana. "Mbona humpimi akikwepa?"

"Marahaba. Sheria inasema honi, taa, breki. Kukwepa hakumo."

"Na unapima gari tupu. Watoto watakaa ghorofa ya tatu."

"Mtoto si sehemu ya gari, mama."

"Basi kukwepa kuwekwe kwenye sheria."

"Kutawekwa likishatokea jambo."

"Jambo gani?"

Mzee Kobe akafungua mdomo, akaona jibu lenyewe, akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Mama Mwanana akakaa kando ya barabara, akalia. Nasema alilia, sifichi. Mtoto akibaki, kiu itammaliza. Mtoto akipanda, barabara ile inavukwa na ngiri, na kongoni, na kanga wasio na akili, na siku moja tu ya bahati mbaya inatosha. Mumewe alimfuata akichechemea, akakaa naye. Yeye aliijua barabara ile kuliko wote.

Wakiwa wamekaa hivyo, NIPISHE ikaja ikitoka kukusanya nauli. Ngrrr-dudu, ngrrr-dudu. Tenga lilikuwa limejaa mpaka juu. Tikiti moja likachomoka, likadunda mbele ya lori, likabingirika. Na hapo, jamani, Kiboko ambaye hajawahi kukata kona tangu azaliwe, alikata kona. Kidogo tu, hivi. Gari likayumba, yumba, yumba, likasita kwenye matairi ya upande mmoja, kisha likarudi, dudu. Kiboko akashuka, akalikumbatia tikiti, akalifuta vumbi kwa shavu.

Mama Mwanana akafuta machozi.

"Umeona?" akamwambia mumewe.

"Nimeona karibu lipinduke."

"Mimi nimeona zaidi. Anaweza kukwepa. Alikuwa hajapata wa kumkwepa."

Kesho yake asubuhi akaenda bwawani.

"Hodi, Bwana Kiboko. Nimekuja kwa habari mbaya. Baadhi ya akina mama wanasema ghorofa ya tatu inawatia hofu. Wanataka kuwatoa watoto wao."

"Wawatoe."

"Pamoja na matikiti yao."

Kiboko akainuka kwenye tope, taratibu, kama mtu aliyeitwa polisi.

"Nani hao?"

"Usigombane nao. Waonyeshe tu. Kila mama achukue tikiti lake kwenye tenga, aliweke kwenye kiti cha mtoto wake. Wewe uendeshe mbele ya watu wote, kwa kasi yako kamili, kutoka bwawani mpaka kwenye kichuguu. Matikiti yakifika mazima, nani atakuwa na neno? Nadhani hata la pili watakuletea kwa furaha."

"Kila mtoto la pili?"

"Yakifika mazima."

"Na Kobe awepo," akasema Kiboko. "Aweke muhuri mbele yao, wanyamaze."

"Wazo zuri sana hilo," akasema Mama Mwanana. "Nisingeliwaza mimi."

Wenye akili ndogo wanapenda kuonekana wenye akili. Mama Mwanana hakuwa na haja hiyo.

Alhamisi jua lilipopanda, Ngarambo nzima ilijipanga kando ya barabara. Pundamilia akaweka tikiti kwenye kiti cha mwanawe, akalifunga kwa kamba ya mkonge. Nyumbu akaweka. Swala akaweka. Mama Mwanana akapanda ghorofa zote tatu, pumzi imemwisha, akaweka la Mwanana kwenye kiti cha Mwanana, akafunga kamba mara mbili. Kisha akashuka na akatoweka.

"Honi?" akauliza Mzee Kobe.

Pooo.

"Taa?"

Pwa, pwa.

"Breki?"

Kwiii.

"Haya, nenda," akasema, akabandika muhuri ubavuni.

Ngrrr-dudu, ngrrr-dudu, ngrrr-dudu-dudu-dudu. Vumbi likapanda. Gari likapita mbele ya watu linanguruma, refu, linang'aa, na lazima niseme ukweli, lilipendeza. Likienda moja kwa moja lilipendeza. Wengine walipiga makofi.

Karibu na kichuguu kuna mahali ambapo njia ya digidigi inavuka barabara. Pale kwenye majani walijificha Mama Mwanana na mumewe, na mbele yao kulikuwa na tikiti ambalo mume yule kilema alilikuza mwenyewe nyuma ya nyumba, akilinyweshea umande. Hakuna aliyejua kama lipo. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba digidigi wawili walilazimika kulisukuma kwa vichwa.

"Sasa?" akauliza mume.

"Bado."

Ngrrr-dudu-dudu-dudu.

"Sasa?"

"Bado."

Dudududududu.

"Sasa."

Wakasukuma. Tikiti likabingirika mpaka katikati ya barabara, likatulia, la kijani, la mviringo, zuri.

Kiboko akaliona. Hakupiga honi. Hakuwasha taa. Breki aliisahau kabisa. Alizungusha usukani kushoto kwa nguvu zake zote, lori likalipita tikiti bila kuligusa, akaona anaingia shimoni, akauzungusha kulia kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakaenda kulia. Ghorofa ya kwanza ikaenda kulia. Ghorofa ya pili ikasita. Ghorofa ya tatu haikuwa imepata habari, ilikuwa bado inakwenda kushoto.

Gari likasimama kwa magurudumu matatu. Likafikiri. Kisha likalala ubavu, gu-duuum.

Na ndani yake, pasu. Pasu. Pasu, pasu, pasu.

Nimefungua milango ya magari mengi yaliyovutwa kwa kamba mpaka kwenye gereji hii, na sipendi kuuharakisha mlango huu.

Vumbi liliposhuka, akina mama wakasogea. Hakuna aliyewaambia watazame wapi, kila mmoja alikitafuta kiti cha mwanawe. Pundamilia akaona. Nyumbu akaona, akageuza uso. Viti vyote vilikuwa vyekundu, na maji mekundu yalikuwa yakichuruzika mpaka kwenye vumbi. Mama Mwanana ndiye aliyelipanga jambo lile tangu mwanzo, alijua vizuri kuwa ni tikiti, lakini alipofika kwenye kiti cha ghorofa ya tatu na kukuta kamba zake mbili zimekatika, alikaa chini. Mwanana akaja akamlalia begani. Alikuwa mzima. Mama alimnusa kichwa kizima, nyuma na mbele.

Mzee Kobe alitembea mpaka kwenye gari. Ilimchukua muda. Akasoma muhuri wake ubavuni, na muhuri ulikuwa bado mbichi.

Kiboko akatoka dirishani, hana hata mkwaruzo, ngozi yake mnaijua. Akalia kwa kwikwi.

"Matikiti yangu. Matikiti yangu." Kisha akakumbuka. "Na lile la barabarani? Limepona?"

"Limepona," akasema Mama Mwanana, akiinuka. "Ulilikwepa."

"Nililikwepa vizuri," akasema Kiboko, na kifua kikamtuna kidogo.

"Kwa hiyo kukwepa unajua."

Kiboko akaligeukia lile tikiti.

"Siku ya mume wangu ulisema alikuwa njiani, na majuzi ukaniambia gari halikwepi," akasema Mama Mwanana. Hakupaza sauti. "Leo limekwepa tikiti."

Wote wakamtazama Kiboko. Yeye akautazama mguu wa yule digidigi mume, kwa mara ya kwanza tangu auvunje, na masikio yake madogo yakainama. Hakuomba radhi siku ile, sitawadanganya. Lakini alitazama, na alitazama kwa muda mrefu.

Nyuma yao ikasikika sauti, lamba-lamba-lamba. Watoto wa Ngarambo walikuwa wameingia ndani ya gari lililolala na walikuwa wanayanywa matikiti. Hakuna tikiti lililopasuka ambalo lingeweza kurudi kwenye tenga, na hata Kiboko alijua hivyo. Siku ile watoto wote walipata kulowesha koo.

"Basi," akasema Kiboko, "gari limeanguka, nauli imeliwa. Safari hakuna."

"Nauli tulikuletea ukaipokea," wakasema akina mama kwa pamoja. "Safari ipo."

"Kwa gari gani? Nililijenga imara kuliko yote, na mmeliona."

Mama Mwanana akamzunguka Kiboko kama alivyolizunguka gari. Akamtazama chini, akamtazama juu, safari hii shingo haikumuuma.

"Bwana Kiboko, wewe umewahi kupinduka?"

"Mimi? Sijawahi."

"Hata kwenye tope? Hata ukisukumwa?"

"Nani atanipindua mimi?"

"Kwa nini hupinduki?"

Kiboko akafikiri. Lilikuwa swali gumu, kwa sababu lilimhusu yeye na hakutaka kulikosea. "Kwa sababu miguu yangu ni mifupi," akasema. "Nayo imeachana. Na tumbo langu liko karibu na ardhi."

"Na uzito wote uko tumboni."

"Wote uko tumboni," akasema Kiboko kwa fahari.

"Sasa gari zuri kuliko yote Ngarambo lingefanana na nani?"

Uso wa Kiboko ukang'aa taratibu, kama taa inayowaka wakati betri imechoka. "Na mimi," akasema.

Wakajenga Ijumaa, wakajenga Jumamosi. Kiboko mwenyewe alizing'oa ghorofa kwa meno. Mihimili ya magurudumu wakairefusha, magurudumu yakaachana. Viti wakavishusha chini, sakafuni, na vitu vizito wakavifunga chini ya viti. Gari likawa fupi, pana, lenye tumbo. Halikupendeza tena. Likafanana na mwenyewe.

Jumapili Mzee Kobe akaja na sheria mpya. Alikuwa ameiandika mwenyewe usiku kucha, herufi moja baada ya nyingine, na hakusubiri aombwe.

"Honi?"

Pooo.

"Taa?"

Pwa, pwa.

"Breki?"

Kwiii.

"Matikiti kwenye viti."

Wakaweka machache yaliyosalia.

"Sasa kwepa."

Walichomeka vijiti barabarani, na watoto wote wakakaa kando wakiimba walivyofundishwa na Mwanana: kushoto, kulia, nyooka. Mara ya kwanza Kiboko aliangusha vijiti vitano na akasema ni upepo. Mara ya pili aliangusha viwili na akasema ni Kobe. Mara ya tatu, ngrrr, chwi kushoto, gari likalala kidogo, chwi kulia, likainuka, nyooka. Hakuna kijiti kilichoanguka. Hakuna tikiti lililopasuka. Mzee Kobe akakanyaga tope, akageuka, akabandika muhuri. Kisha akaubonyeza tena kuhakikisha.

Jumatatu nusu ya watoto wakapanda, na nusu wakangoja safari ya pili. Mama Mwanana akaketi mbele, kando ya Kiboko. Nyuma watoto wanaimba. Njia nzima mama aliutazama usukani, kwa sababu kuna jambo moja ambalo Mzee Kobe hakuweza kulipima. Gari sasa lilikuwa linaweza kukwepa. Je, Kiboko atakwepa? Barabara ya Mbarika ni ndefu, na Mama Mwanana hakuwa na tikiti jingine la kubingirisha mbele yake.

Wakapita kichuguu. Wakapita korongo. Jua likawa utosini. Na pale kwenye vichaka vya miiba, ghafla, prrr, ngiri akatoka, mkia juu, na vitoto vinne nyuma yake, mikia juu, mstari mmoja, katikati ya barabara. Ngiri hatazami kushoto wala kulia, hajawahi. Akaliona gari, akaganda. Vitoto vikagongana nyuma yake, vikaganda navyo.

Breki zisingetosha. Mama Mwanana aliliona hilo. Akamtazama Kiboko, na Kiboko alikuwa anatazama mbele. Kwa kufumba na kufumbua hakuna aliyejua kitakachotokea, na nadhani hata Kiboko hakujua.

Chwi kushoto.

Gari likalala kidogo. Watoto nyuma wakashikana.

Chwi kulia.

Gari likainuka. Nyooka.

Ngrrr-dudu, ngrrr-dudu. Ngiri na wanawe wakabaki katikati ya vumbi, wazima, mikia juu, hawaelewi chochote. Nyuma ya gari mtoto mmoja akasema, "Tena." Wote wakapiga kelele wakitaka tena.

Mama Mwanana alikuwa amesahau kupumua. Alipokumbuka, akasema, "Asante, Bwana Kiboko."

Kiboko hakugeuka. "Nilidhani ni tikiti," akasema.

Sasa nawauliza ninyi. Ngiri ana nywele. Ngiri ana pembe mdomoni, ana mkia kama mlingoti, na sura ambayo hata mamaye alishtuka alipoiona. Hata kwa kipofu ngiri hafanani na tikiti. Mama Mwanana alilijua hilo, na Kiboko alijua kuwa analijua. Akamwachia uongo wake, akaendelea kutazama mbele.

Jioni wakafika Mbarika. Mwanana alikuwa wa kwanza kuruka kutoka garini. Akanywa mpaka tumbo likawa ngoma, akatoa pumzi, halafu akaanza kukimbia kuzunguka chemchemi bila sababu yoyote, chwi huku, chwi kule, akiwamwagia wenzake maji. Alikuwa anacheza.

Sasa funzo. Kila hadithi lazima iwe na funzo, mwalimu wenu ataniuliza. Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba ulafi ni jambo jema sana. Kama Kiboko asingekuwa mlafi, asingekwepa tikiti. Asingekwepa tikiti, gari lisingeanguka tupu. Lisingeanguka tupu, lingeanguka limejaa watoto. Kwa hiyo nendeni nyumbani mkale vya kwenu na vya ndugu zenu, na mama zenu wakiwauliza, semeni Bi Fundi amesema ni kwa ajili ya usalama wa barabarani.

Hadithi imezima injini.

*Basi tushuke!*

Shukeni upande wa majani. Na wewe Sauda, tazama kwanza.